Mama Mkwe Ndani ya Uzio wa Chuo

Nilipewa ukatibu wa kamati ya ulinzi ya chuo chetu kwa sababu mbili: nafundisha uraia, na sikuhudhuria kikao kilichonichagua. Siku hiyo nilikuwa Muleba kwetu kwenye msiba. Niliporudi Bukoba nikakuta mezani kwangu pongezi ya maandishi kutoka kwa mkuu wa chuo, na chini yake kazi ya kwanza: kuandika kanuni za kudhibiti wageni.

Chuo ni cha ualimu, kiko juu ya kilima, na mitaa ya jirani imekizunguka kwa chini. Mkuu alikuwa mgeni, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, mtu wa haki na mtu wa saa. Alitukuta na mazoea yetu. Wakazi walikatiza uwanja wa mpira wakienda sokoni. Mbuzi walilala kwenye kivuli cha maktaba. Wauza maandazi waliingia mpaka kwenye milango ya mabweni, na wapo wageni wa wanafunzi ambao walikuja kusalimia Ijumaa wakaaga Jumatatu. Kisha kompyuta za wanafunzi zikaanza kupotea mabwenini, moja baada ya nyingine. Mkuu akasema imetosha.

Nakiri kwamba nilizipenda zile kanuni. Niliziandika kwa Kiswahili cha kuvaa suti. Mtu yeyote asiye mwanafunzi wala mtumishi hataingia katika eneo la chuo isipokuwa kwa kibali. Mgeni ataingia kupitia geti kuu, ataonyesha kitambulisho, atamtaja mwenyeji wake aliye mtumishi wa chuo, na mwenyeji huyo hatamwacha mgeni wake peke yake kwa muda wote atakaokuwa ndani. Atakayekiuka atahesabiwa kuwa mvamizi na atachukuliwa hatua za kisheria. Nilipoyasoma maneno hayo mbele ya kamati, mwalimu wa hisabati aliniambia yanatisha vizuri.

Jambo moja halikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuliandika: kabla ya chuo, kilima kile kilikuwa rweya. Rweya kwetu ni ile nyika ya majani iliyo nje ya migomba. Kibanja, yaani shamba la migomba, kina mwenyewe, na mwenyewe anajua kila mgomba wake. Rweya haikuwa na mwenyewe. Ulichunga ng'ombe, ulikata majani ya kutandika ndani ya nyumba, ulipita ukienda kwa shangazi yako. Hakuna mtu aliyewahi kuwa mvamizi kwenye rweya. Kwa hiyo uzio ulipokamilika, na fundi akapaka kwenye bati maneno HAKUNA NJIA, bati lile lilisimikwa katikati ya njia iliyochimbika kwa miguu ya watu tangu enzi za babu zao.

Baada ya uzio zikaja taa. Mkuu alipigania fedha mpaka zikapatikana, tukaweka taa kubwa juu ya nguzo kuuzunguka uwanja wa mpira, ili mvamizi asipate pa kujificha. Zilikuwa taa nzuri. Ukiwa mjini chini ulikuwa unakiona chuo kama kwamba kuna harusi. Tulizizindua Oktoba, na mchungaji akaziombea.

Mtu yeyote aliyezaliwa Kagera angeweza kutuambia kitakachotokea Novemba, na kwenye kamati tulikuwa watatu tuliozaliwa Kagera. Hatukusema kitu. Sijui wenzangu walikuwa wakifikiria nini. Mimi nilikuwa nafikiria ibara.

Novemba ni mwezi wa senene. Panzi hawa wa kijani huja na mvua, kwa mawingu, na wakiona mwanga mkali usiku huushukia. Alfajiri wanakuwa wamejaa kwenye majani, mbawa zimelowa umande, hawawezi kuruka, unawaokota kwa mkono kama maharage. Wanatolewa mbawa na miguu, wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu kidogo. Zamani kwetu wanawake waliokota na wanaume wakala, na mwanamume aliyeletewa senene alipaswa kumvika mkewe nguo mpya. Siku hizi kila mtu anakula, nguo imebaki kuwa mzaha wa mezani, lakini kuokota bado ni heshima. Na mwaka ule senene wote wa Bukoba, hivyo ndivyo ilivyoonekana kwangu, walishuka kwenye uwanja wetu wa mpira, chini ya taa tulizoweka kuwazuia watu wasiingie.

Simu iliniamsha alfajiri, giza likiwa linaanza kuachia. Alikuwa kiongozi wa walinzi, kijana mtaratibu aliyetoka Singida na aliyekuwa na miezi michache tu kwetu.

"Mwalimu, njoo getini. Tumekamata mvamizi."

"Mmoja?"

"Walikuwa wengi sana, uwanja mzima. Tulipopuliza filimbi wakakimbia, wengine wakapanda uzio. Huyu alikuwa amevaa mabuti ya mvua, hakuweza."

"Ana silaha?"

"Ana ndoo."

Nilivaa shati, nikafunga na tai, kwa sababu nilikuwa naenda kama katibu. Nyumba za watumishi haziko mbali na geti. Nilipofika kwenye kibanda cha walinzi nikamwona mvamizi amekaa kwenye benchi, kitenge kimelowa mpaka magotini, ndoo ya plastiki mapajani imefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa mama mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, anaishi Nshambya kwenye kibanja chake, ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama katika usharika wa Kilutheri. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukaa naye benchi moja. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Akija nyumbani kwangu mimi hutafuta shughuli nje. Nikienda kwake, yeye hunisalimia akiwa mlango wa jikoni, uso ameugeuza pembeni, nami hujibu nikiangalia chini. Tulikuwa tunapendana sana kwa utaratibu huo.

Aliponiona aligeuza uso ukutani. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mlinzi akatuangalia sote wawili, akaamini kwamba mtuhumiwa ana hatia na katibu ana hasira.

"Amekataa kutaja jina," akaniambia.

"Anaitwa mama," nikasema.

"Mama nani?"

"Mama wa mke wangu."

Kijana wa watu akasimama wima kama aliyeitwa kwenye gwaride. Akaanza kumwomba radhi yule mama, kisha akakumbuka kwamba mkuu ameshapigiwa simu na yuko njiani, akaacha kuomba radhi katikati ya sentensi.

Mkuu alifika amevaa koti la mvua juu ya nguo za kulalia, na hata hivyo alionekana nadhifu kuliko mimi. Alimsalimia mama mkwe shikamoo, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu, halafu akaniuliza kanuni zinasemaje.

Nikazisoma. Sijawahi kusoma kitu kirefu kiasi kile. Nilipofika kwenye "atahesabiwa kuwa mvamizi" nikakohoa mara mbili, na mkuu akanipa chupa yake ya maji.

"Na sheria ya nchi?" akauliza. "Wewe ndiye mwalimu wa uraia."

Nikaeleza nilivyozoea kueleza darasani: kwamba kosa la kuingia kwa jinai halitimii kwa mguu kuvuka mpaka tu. Lazima mtu awe ameingia kwa nia ya kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi mwenye mali.

"Basi tujue nia," akasema mkuu. "Na mwenyekiti wa mtaa awepo, asije akasema tunawaonea watu wake."

Mwenyekiti wa mtaa alifika upesi mno. Alikuwa anahema. Alitusalimu sote kwa mkono, akakaa, akatoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa wananchi kuheshimu mipaka ya taasisi. Alikuwa akisema kwamba tabia hii ya kuingia usiku kama wezi lazima ikomeshwe, wakati senene mmoja mkubwa alipotoka kwenye kola ya sweta lake, akatembea taratibu mpaka begani, akatulia pale kama nishani. Mlinzi alimwona. Mkuu alimwona. Mimi nilimwona. Mwenyekiti alifuata macho yetu, akamchukua senene kwa vidole viwili, akamweka mfukoni, akamalizia hotuba.

"Mama," mkuu akamgeukia mama mkwe kwa upole, "uliingia chuoni kwa nia gani?"

Mama mkwe hakumjibu yeye, wala hakunijibu mimi. Aliuelekeza uso kwa mlinzi, aliyekuwa mtu pekee pale asiye na cheo kikubwa wala undugu, akasema kwa Kiswahili chake cha kanisani:

"Nilikuja kumwokotea mkwe wangu."

Mlinzi akanitazama. "Yeye ndiye mkwe wako?"

"Ndiye. Kila mwaka namletea. Huwa nampa mwanangu ampelekee. Mwaka huu huko chini hakuna, wote wamekuja kwenye taa zenu. Nikasema basi hata siendi mbali, nitaokotea mlangoni kwake." Kisha akainamisha kichwa. "Sikujua kama nitamwaibisha, waitu."

Nilitamani kibanda kile kiwe na mlango wa pili. Hakukuwa na dharau ndani ya maneno yale, wala hila; hata ile waitu, neno letu la heshima, ilitoka kwa upole. Alikuwa anaona haya kweli kweli. Mwanamke aliyekuwa na umri wa kuitwa bibi na nusu ya mtaa, amekaa kama mwanafunzi mtoro, na mkononi mwangu kulikuwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe ikimwita mvamizi.

Mkuu alifikiri. Alikuwa na sheria upande mmoja na ndoo upande wa pili, na hakuwa mtu wa kupuuza chochote kati ya hivyo. Mwishowe akasema kwamba nia ya kumlisha katibu wa kamati ya ulinzi haiwezi kuwa kosa, ingawa ilivyotekelezwa si sawa. Mama angepewa onyo kwa mdomo, ndoo angerudishiwa, na tangu siku hiyo angefuata utaratibu kama mgeni yeyote.

"Mweleze kwa lugha yake," akaniambia, "ili aelewe vizuri."

Basi nikasimama, nikiutazama ukuta wa kushoto, nikaueleza ukuta kwa Kihaya kwamba mgeni apite geti kuu, awe na kitambulisho, na ataje mwenyeji wake aliye mtumishi wa chuo. Mama mkwe, akiutazama ukuta wa kulia, aliuliza kupitia kwa mlinzi, ambaye hakujua Kihaya hata neno moja, kama mwenyeji anaweza kuwa mkwe. Nikaujibu ukuta kwamba anaweza. Akauliza kama mtu anaruhusiwa kuja na wenzake. Nilikuwa na haraka ya kutoka mle ndani. Nikasema kanuni hazikatazi.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari. Alikuwa jikoni akiwatoa mbawa senene wa mama yake.

"Umempa mama yangu onyo."

"Si mimi. Ni kamati."

"Kamati ni nani?"

"Tuko saba."

"Katika hao saba, nani anayekula senene wake?"

Aliwakaanga, akaniwekea mezani sahani iliyojaa, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula. Walikuwa watamu, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Haikupita wiki senene walishuka tena. Safari hii simu ya mlinzi ilikuwa na sauti tofauti, ya mtu anayefuata taratibu na ameona zinamfikisha pabaya.

"Mwalimu, wageni wako wamefika."

"Wageni gani?"

"Njoo uone."

Nje ya geti kuu, kwenye manyunyu, kulikuwa na foleni ya wanawake iliyoshuka mpaka kwenye kona ya barabara. Mbele alisimama mama mkwe na mabuti yake. Nyuma yake kwaya nzima. Nyuma ya kwaya majirani wa Nshambya, akina mama wa Kiislamu kutoka mjini na mitandio yao, na wengine wawili waliosema wametoka Izimbya, wamelala mjini kwa ndugu ili wawahi. Kila mmoja alikuwa na ndoo, na kila mmoja alikuwa ameshika kitambulisho cha taifa mkononi. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyepiga kelele. Mlinzi alikuwa akiwauliza mmoja mmoja kama kanuni zinavyotaka.

"Mwenyeji wako nani?"

"Mwalimu wa uraia."

"Ni nani kwako?"

"Mkwe wetu."

Mkuu alikuja, akaitazama foleni, akaniomba kanuni. Alizisoma zote, kwa utulivu, huku mvua ikizilowesha. Kisha akanirudishia.

"Wamefuata utaratibu," akasema. "Ila hapa umeandika kwamba mwenyeji hatamwacha mgeni wake peke yake."

"Ndiyo, Mkuu."

"Basi usiwaache."

Hivyo ndivyo nilivyoingia uwanjani alfajiri ile, na tai yangu na viatu vya kazini, nikiwa mwenyeji wa kata nzima. Waliinama, wakaokota, wakaanza kuimba sauti nne, sauti ya kwanza ikiwa karibu na goli la kaskazini. Nilizunguka kati yao nikijaribu kuwa na kila mgeni wangu kwa wakati mmoja. Wanafunzi walitoka mabwenini kuangalia, na wale wa huku kwetu wakakimbilia ndoo. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, aliokota kimyakimya pembeni akiwa ameshusha kofia machoni.

Mama mkwe aliokota mbali kidogo na nilipokuwa, kama heshima inavyotaka. Lakini uwanja ulikuwa umejaa, na watu walivyosogea tukajikuta tuko karibu. Niliangalia chini. Chini kulikuwa na senene, nami sikuwa nimeinama kuokota tangu utotoni. Nikainama. Niliwakamata wawili watatu nikakosa pa kuwaweka, nikawa nimesimama na ngumi iliyofumbwa.

"Weka humu," akasema.

Hakumwambia mlinzi. Hakuuambia ukuta. Aliisukuma ndoo kwangu kwa mguu, uso akiwa ameugeuza bado, nami nikaweka. Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema asante, waitu. Tuliokota hivyo mpaka jua lilipotoka na senene waliobaki wakapata nguvu ya kuruka.

Kamati ilikaa wiki hiyohiyo, ajenda ikiwa ni mimi. Kwa kuwa katibu alikuwa ndiye mhusika, iliamuliwa niandike kumbukumbu mpaka itakapofika ajenda yangu, kisha nitoke nje, kisha niitwe niandike uamuzi. Uamuzi ulikuwa kwamba mwenyeji asizidishe wageni kuliko anaoweza kuwaangalia, na kwamba katika msimu wa senene taa za uwanjani zizimwe. Zikazimwa. Senene wakahamia mjini kwa wenye taa zao, na wavamizi wakawafuata. Katika giza lile wanafunzi waliandika barua ya kulalamika kwamba wanaogopa kwenda chooni.

Mwizi wa kompyuta alipatikana baada ya sikukuu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mpole, mwenye kitambulisho halali kilichokuwa shingoni kila siku. Hakuwahi kupita popote pasiporuhusiwa. Mkuu alilia ofisini kwake siku hiyo, nilimkuta. Aliniambia alikuwa amewatazama watu wa nje kwa muda mrefu sana hata shingo ikamuuma. Mwaka uliofuata alihamishwa tena, na akina mama wa kwaya walimpelekea kifurushi cha senene waliokaangwa. Alinitumia ujumbe akiwa safarini kwamba amefungua, ameangalia, na ameonja mmoja.

Mama mkwe sasa anakaa na sisi kwenye nyumba ya chuo. Magoti yalimsumbua, mke wangu akasema hawezi kumwacha peke yake Nshambya, na mimi sikuwa na hoja. Ofisi ilimpa kitambulisho cha mtegemezi wa mtumishi, chenye picha ambayo anasema imemzeesha. Nyuma ya nyumba amelima kipande kidogo cha maharage na mahindi. Bado hatukai benchi moja, ila siku hizi husema nami moja kwa moja, kutoka mlango wa jikoni, na uso huugeuza nusu tu.

Mwezi uliopita aliniita akiwa amekasirika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamegundua kwamba ukipitia katikati ya maharage yake unafika bwaloni haraka.

"Wanapita tu," akasema. "Hata hodi hawapigi. Wewe si ndiye wa sheria?"

Nikamwambia nitalipeleka kwenye kamati.

"Kamati ya nini?" akasema. Akachukua kiti chake, akakiweka katikati ya shamba, akakaa. Mwanafunzi wa kwanza alipotokea alimwita, akamuuliza kwao ni wapi na mama yake hajambo, akampa jembe. Palizi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana.